Fomu ya Kuzika Kompyuta

Mkuu wa shule alikuwa na tabia moja ambayo yeye mwenyewe hakuijua. Akiwa na habari njema alipiga hodi. Akiwa na habari mbaya aliingia moja kwa moja huku akikohoa. Jumanne asubuhi aliingia chumba cha uchapaji akikohoa kama mtu aliyepaliwa na unga, na nyuma yake Mama Nukta akasikia viatu vya fundi wa kompyuta, vile vyenye soli inayolia.

"Habari za asubuhi, Mama Nukta."

"Salama, Mkuu. Hebu leta hiyo karatasi tuimalize."

"Karatasi gani?"

"Hiyo unayoikunja na kuikunjua tangu mlangoni."

Fundi alitaka kucheka, akakimeza kicheko chake. Alikuwa kijana mwenye adabu zake, huyu fundi, shida yake ilikuwa neno moja tu. Kila alipokaza skrubu ya mwisho alisema "tayari", na mara nyingi haikuwa tayari, mpaka shule nzima ikasahau jina lake ikawa inamwita Tayari. Jana yake, Jumatatu, alikuwa amelitamka neno hilo mara nne ndani ya chumba hiki.

Karatasi yenyewe ilikuwa fomu ya kuondoa kifaa kazini. Walimu waliiita fomu ya maziko. Mtumiaji wa kifaa anakubali kwa saini kwamba kifaa kimekufa, kinapelekwa stoo, na hakuna anayeulizwa tena. Safari hii marehemu alikuwa kompyuta ya Mama Nukta, ile inayoendesha mashine ya kuchapa maandishi ya nukta nundu.

"Hapa chini unaweka dole gumba tu," Mkuu alisema kwa upole. "Nimekuja na kidau cha wino, usipate taabu."

Bora asingeutaja ule wino. Mama Nukta alikuwa haoni tangu utotoni, hilo kila mtu alilijua, lakini kalamu aliishika vizuri kuliko nusu ya walimu wa pale, na kwa miaka kumi na tisa barua zake zote za kazi alizisaini kwa mkono wake. Damu ilimchemka. Akaufumba mkono wa kulia, akauweka mfukoni mwa koti lake la kazi, dole gumba likiwa ndani.

"Nitasaini mwenyewe," alisema, "siku nitakayoridhika kwamba imekufa. Tayari, mwanangu, iwashe niisikie."

"Mama, nimeshaiwasha mara ishirini."

"Ishirini na moja haitakuua."

Hapa inabidi msomaji ajue kilichokuwa kinagombewa. Shule ile ilisomesha watoto wanaoona na wasioona pamoja, na Alhamisi, yaani keshokutwa, ulikuwa mtihani wa mchujo. Anayefaulu anaendelea na darasa la mwisho, anayefeli anarudishwa nyumbani na maneno matamu. Watahiniwa saba walikuwa wasioona. Karatasi zao zilichapwa chumba hiki, na mikono iliyozichapa ilikuwa ya Mama Nukta, na ndiyo iliyompa jina hilo. Programu mpya ya kugeuza maandishi kuwa nukta ilikuwa nzito mno, kompyuta ya zamani ikawa inatweta kila kurasa mbili. Ndipo Tayari akaletwa aiboreshe. Alitoa bodi kuu, wanayoiita mazabodi, akaweka nyingine mpya pamoja na prosesa yake, akaongeza kijiti kipya cha kumbukumbu, yaani RAM, kando ya kile cha zamani, akaacha diski ileile. Tangu hapo kompyuta haikuonyesha kitu. Skrini nyeusi tii.

Tayari akabonyeza swichi. Feni zikaanza kuzunguka, kisha kispika kidogo ndani ya kasha kikatoa mlio mrefu, kikapumzika, kikatoa mwingine, na mwingine.

"Unasikia?" Mkuu alisema. "Inakata roho."

Mama Nukta akavuta droo akatoa daftari nene lililofungwa kwa kamba ya kiatu. Fundi aliyemtangulia Tayari, mzee mmoja wa maneno mengi, Mungu amrehemu, alikuwa hawezi kufungua skrubu bila kuisimulia. Kwa miaka kumi na moja Mama Nukta alikaa pembeni yake na kibao chake cha kutobolea, akaandika kwa nukta kila ugonjwa, kila mlio na kila dawa. Hakuna mwingine shuleni aliyeweza kulisoma daftari hilo isipokuwa wanafunzi wake, na wao lilikuwa haliwahusu. Vidole vyake vilikimbia kurasa tatu, vikasimama.

"Mlio mrefu unaojirudia ni RAM. Vijiti viwili visivyoelewana. Toa kile cha zamani."

"Vyote ni vya aina moja, Mama. Vimeingia vizuri kabisa."

"Na mimi na wifi yangu tunaingia mlango mmoja. Kitoe."

Tayari akazima, akachomoa waya wa umeme, kishikizo kikalia, kijiti kikatoka. Alipowasha tena, kispika kikabadili wimbo. Mlio mmoja mrefu, miwili mifupi, kimya. Feni zikaendelea.

Sasa ilikuwa zamu ya fundi kushangaa, ila mshangao wake haukudumu. Aligonga skrini kwa kucha. "Bado nyeusi. Na mlio huu naujua, ni wa picha. Bodi ya zamani ilikuwa na picha ndani yake. Hii mpya na prosesa yake hazina, zinataka kadi ya picha pembeni. Sikulijua hilo nilipozichukua, Mama. Kosa ni langu."

"Kadi inapatikana lini?" Mkuu aliuliza.

"Ya kuagiza. Wiki mbili."

"Basi rudisha bodi ya zamani."

Kijana akasita. "Niliipinda wakati wa kuitoa. Imepata ufa."

Mkuu akashusha pumzi ndefu. Hakuwa mtu mbaya, na hili lazima lisemwe, lakini alikuwa mwepesi wa kukubali kushindwa, hasa kushindwa kwa watu wengine. "Hakuna la kufanya. Watoto watasomewa. Nitatafuta walimu saba, kila mmoja akae na mtahiniwa wake, amsomee maswali na kumwandikia majibu. Sheria inaruhusu. Mama Nukta, kesho mchana nitaifuata fomu, na nikute imesainiwa. Bila hiyo siwezi hata kuomba kadi."

"Nimesikia," alisema Mama Nukta. Kusikia hakukuwa kukubali, na mtu yeyote aliyemfahamu vizuri angeijua tofauti yake.

Walipoizima na kutoka aliketi kwenye kiti chake, mikono magotini. *Watasomewa.* Mkuu alilisema neno hilo kama mtu anayegawa peremende.

Yeye mwenyewe aliwahi kusomewa mtihani. Alikuwa na miaka kumi na sita, akakalishwa kwenye chumba cha mapokezi, watu wakipita na ndoo, na msomaji wake alikuwa kijana mwenye haraka ya kwenda kwao. Alisoma akipiga miayo. Kwenye swali la saba la hisabati Mama Nukta aliona hesabu haikai sawa, shamba lina upana lakini halina urefu, akaomba arudiwe. "Kurudia hairuhusiwi, dada," kijana akajibu, na huo ulikuwa uongo mtupu. Jioni wenzake walimwambia urefu ulikuwepo, mstari wa pili. Msomaji aliruka mstari. Alikosa kuendelea kwa alama mbili. Ilimuuma siku ile, na miaka thelathini na tano baadaye ilikuwa inamuuma vilevile, bila kupungua hata kidogo. Ndiyo maana aliapa kwamba maadamu yeye yuko kwenye chumba hiki, hakuna mtoto atakayeazima macho ya mtu mwenye haraka.

Alasiri, baada ya vipindi vyake na wanafunzi, alirudi akabonyeza swichi. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu kuisikia peke yake, bila mtu kukohoa.

Mlio mrefu, miwili mifupi. Kisha, chini ya kelele za feni, diski ikaanza kutafuna. Mama Nukta akainamisha kichwa mpaka sikio likagusa bati. Ilitafuna kwa muda, ikanyamaza, ikatafuna tena kwa mafungu matatu mafupi, ikatulia. Alizijua hatua hizo kama hatua za mumewe ukumbini. Kila asubuhi diski ilienda hivyohivyo, na baada ya yale mafungu matatu, sauti ya programu inayomsomea yaliyo kwenye skrini ilimkaribisha.

Diski ilikuwa imefika mwisho wa safari yake. Kompyuta iliyokufa haitafuni.

Sauti ilikuwa wapi, basi? Alipapasa meza kutafuta spika zake mbili. Hazikuwepo. Mahali pake palikuwa na skrini kubwa ya kuazima, ambayo Tayari aliileta ili aone anachofanya. Spika alizikuta chini ya meza, waya wake umezungushwa vizuri na kufungwa kwa mpira, kazi safi ya mtu nadhifu. Alikuwa amezichomoa akazipanga. Watu wawili wenye macho manne walikuwa wamesimama mbele ya kompyuta wakisubiri iwaonyeshe, na hakuna aliyewaza kuiacha iseme.

Alifungua mpira, akaenda nyuma ya kasha kwa vidole. Bodi mpya ilikuwa na matundu ya sauti mahali pengine kabisa. Akachomeka pini kwenye tundu la kwanza, kimya. La pili, kimya. La tatu likatoa mkwaruzo, halafu ile sauti ya kiume inayozungumza Kiswahili kama mgeni aliyeteremka jana ikasema, bila haraka yoyote:

"Andika neno la siri."

Mama Nukta alicheka mpaka akashika meza. Maskini, ilikuwa inaongea tangu asubuhi, tangu kijiti kilipotolewa.

Akaandika neno lake la siri. Sauti ikamtajia mafaili yote, karatasi nne za mtihani, hisabati ikiwa ya kwanza. Skrini ilikuwa nyeusi vilevile na ingebaki nyeusi wiki mbili, jambo ambalo halikumpunguzia Mama Nukta hata unywele. Miaka yote hiyo hata ile yake ya zamani hakuwahi kuitumia, zaidi ya kuifuta vumbi wageni wakija.

Furaha hiyo ilidumu robo saa. Mashine ya kuchapa nukta, kongwe, nzito, yenye makelele, ambayo wanafunzi waliipa jina la Bibi, ilikuwa na plagi pana ya zamani, ya pini ishirini na tano. Mama Nukta akaishika plagi hiyo akapapasa nyuma ya kompyuta kutoka juu mpaka chini. Matundu yote yalikuwa membamba. Akarudia kutoka chini mpaka juu. Bodi mpya haikuwa na mlango wa Bibi. Kengele ya kufunga ofisi ikagonga akiwa amepiga magoti na plagi mkononi, na mlinzi akaja kugonga mlango kwamba anafunga.

Nyumbani mumewe alikuwa kwenye cherehani. Alikuwa fundi nguo, mtu wa maneno machache na utani mwingi.

"Umerudi na kidevu," alisema kabla mkewe hata hajavua viatu.

"Kidevu gani?"

"Kile cha kugombana. Kimeingia mlangoni kabla yako."

Akamweleza yote, Mkuu, wino, spika chini ya meza, na Bibi asiye na mlango. Mumewe alisikiliza akikanyaga cherehani polepole, maana alikuwa anamalizia koti la mteja na mteja alikuwa wa kesho.

"Sasa hilo tundu, umelitafuta kote?"

"Nyuma yote."

"Nyuma ni nje," alisema mumewe. "Huyu bwana wa koti naye jana alinilalamikia kwamba sikumwekea mfuko. Nikamwambia, baba, ingiza mkono ndani."

Alisema hivyo kuchekesha tu. Lakini Mama Nukta akasema, "Rudia hapo," na mumewe aliporudia, yeye alikuwa ameshakumbuka ukurasa wa daftari. Mzee wa maneno mengi aliwahi kusema kitu kama hicho, siku ya mvua, akiwa amelala chali chini ya meza. Daftari lilikuwa droo ya ofisini. Chakula alikila, lakini alichokula hakukijua.

Jumatano alikuwa getini kabla ya mlinzi kumaliza chai. Ukurasa aliupata kwa dakika mbili. *Bodi nyingine huficha mlango wa printa ndani. Vijino safu mbili za kumi na tatu, pembeni kimoja hakipo. Unahitaji utepe wa waya na kipande cha bati.*

Alichomoa umeme, akagusa bati la kasha kama mzee alivyomfundisha, ili mwili usije ukairushia bodi cheche, akafungua ubavu wa kompyuta. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimesoma vitabu vizima vya historia na barua za mapenzi za ujanani. Sasa kilisoma mazabodi. Kilipita juu ya vyuma vya kupoza, kikateremka kando ya betri, kikavuka waya za feni. Kikakuta safu ya vijino. Akahesabu, tano kwa mbili, siyo. Kingine, kumi kwa mbili, siyo. Pembeni kabisa, chini, ambapo hata mwenye macho angehitaji kuinama, kikakuta vijino vikali vilivyosimama kama mswaki mpya. Kumi na tatu juu. Chini kumi na mbili, na pengo.

"Kumbe mlango wako uko huku," alimwambia Bibi, ingawa aliyekuwa ameshikwa alikuwa kompyuta.

Utepe aliufuata stoo. Na hapa ndipo ukaidi wake wa miaka yote ulipomlipa, maana Mama Nukta hakuwahi kusaini fomu ya maziko hata moja bila kwanza kumchungulia marehemu na kuchukua kilicho hai. Sandukuni mwake, chini ya kibodi zisizo na herufi, alikuwa na utepe wa kompyuta mbili zilizopita, ncha moja ina plagi ya vijino, nyingine ina tundu pana juu ya kipande cha bati. Akauchomeka. Upande mmoja tu uliruhusu kuingia, kwa sababu ya lile pengo. Plagi ya Bibi ikaingia kwenye tundu pana kwa mlio wa kuridhika. Akawasha, sauti ikamwongoza mpaka kwenye orodha ya printa, akachagua mlango, akaagiza ukurasa mmoja.

Bibi akakohoa, akanguruma, akaanza kazi. Kelele zake zilitikisa madirisha. Mama Nukta alivuta karatasi na kuisoma.

Ilikuwa pumba tupu. Neno la kwanza halikuwa neno katika lugha yoyote.

Kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu alihisi kutaka kulia, na akalia kidogo, kwa hasira, machozi mawili matatu, kisha akajifuta kwa kiwiko na kuusoma tena ule ukurasa tangu juu. Safari hii hakusoma maneno, alisoma makosa. Herufi nyingine zilikuwa sahihi kabisa. Zilizokosea zilikosea kwa mtindo uleule, kila A ilikuja vilevile vibaya, kila M vilevile vibaya. Mashine iliyochanganyikiwa huharibu ovyo. Hii ilikuwa inaharibu kwa utaratibu. Waya mmoja, katika waya zote za utepe, haukuwa unagusa.

Akazima, akaingiza mkono ndani, akabonyeza plagi ya vijino kwenye kona moja, kisha kona ya pili. Kona ya pili ikateremka kwa mlio mdogo sana.

Tayari alipofika saa tatu kuchukua bisibisi zake alizozisahau, alikuta chumba kinatetemeka, Bibi anatema kurasa, skrini nyeusi tii, na Mama Nukta amekaa kati ya hayo yote akikunja karatasi.

"Shikamoo, Mama. Lakini... skrini bado."

"Marahaba. Skrini ya nani?"

Kijana akazunguka nyuma ya kasha, akaona spika zimechomekwa, akaona utepe na kile kipande cha bati kinaning'inia.

"Niliizima sauti mwenyewe," alisema. "Nilizikunja zile waya vizuri kabisa, nikajisifu."

"Ulizikunja vizuri sana. Sasa nifungie hilo bati kwa skrubu, lisije likachomoka. Na usiseme lile neno."

Akafunga. Hakulisema. Badala yake alivuta kiti, akamwuliza kama anaweza kumsomea lile daftari, ukurasa mmoja mmoja, siku akiwa na nafasi. Mama Nukta akamwambia ataangalia. Alikuwa ameshakubali, lakini kijana aliyepasua mazabodi hafai kupewa kila kitu siku hiyohiyo.

Saa sita kurasa za mwisho zilitoka. Seti saba za karatasi nne. Mama Nukta aliisoma kila moja, mstari kwa mstari, swali la saba la hisabati akalisoma mara mbili kwenye kila seti. Akazifunga kwenye kabati la chuma, ufunguo akautia shingoni. Halafu akachukua fomu ya maziko, ambayo ilikuwa imelala mezani tangu jana bila doa la wino, akailisha Bibi kwenye tundu la karatasi moja moja. Ilikuwa karatasi nyembamba, akampunguzia Bibi nguvu za kugonga, na nukta zikashika.

Mkuu alikuja saa saba, akikohoa. Akasikia kimya cha chumba, akadhani kimya hicho ni cha msiba.

"Walimu saba nimewapata," alisema. "Mmoja ana mafua, lakini atajitahidi. Fomu iko wapi?"

"Hii hapa. Nimeijaza."

Akaipokea, akaigeuza, akaipandisha kwenye mwanga wa dirisha. Jina lake mwenyewe na mistari ya fomu vilikuwepo, na juu yake vinundu tele, kama karatasi imeota vipele.

"Sasa hii inasemaje?"

"Subiri usomewe," alisema Mama Nukta.

Alikuwa ameshamwita mlangoni mmoja wa wale saba, binti mrefu ambaye wenzake walimwita Kasi kwa namna vidole vyake vilivyokimbia. Kasi aliingia, akaamkia, akachukua fomu, akaisoma kwa pumzi moja, sauti ya chini, bila kusimama popote, kama watu wa nukta wanavyosoma wanapojisomea. Ilikwisha kabla Mkuu hajaweka miwani vizuri.

"Ngoja, ngoja. Sijashika. Hapo kati amesema nini, kuhusu mashine?"

Kasi akamgeukia Mama Nukta. Tayari, aliyekuwa kwenye kona na bisibisi yake, akaacha kuizungusha.

"Wakati wangu," Mama Nukta alisema, "niliambiwa kurudia hairuhusiwi."

Mkuu alisimama na miwani yake usoni, akimwangalia binti na karatasi ambayo yeye hakuiweza, kisha kabati la chuma, kisha kidau cha wino alichokuwa amekuja nacho tena, akakirudisha mfukoni taratibu kama mtu anayeficha kitu. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo.

"Naomba anirudie, Mama."

Mama Nukta alimruhusu akae na ombi hilo kidogo, kiasi cha msomaji mwenye haraka kupiga mwayo mmoja.

"Mrudie, mwanangu," alisema. "Polepole, mpaka aelewe. Na usiruke mstari."

Kasi akaweka vidole juu ya nukta za kwanza.

"Kompyuta hii haijafa," akasoma. "Mtumiaji wake amekataa kusaini. Kesho watahiniwa saba watajisomea wenyewe."